Namba ya Mama Soudi

Kindu, 14 mwezi wa tatu 2003

Mwanangu Soudi,

Assalamu alaikum. Uko muzima huko Lubumbashi? Sisi tuko wazima, hata kama masasi ya bunduki ingali inalia upande wa Kailo. Barua hii anakuletea Félicien, muchuuzi wa nguo, anapanda ndege kesho.

Usirudi sasa. Wanakamata vijana wa umri wako, wanawapa bunduki. Kaa huko, soma, kula vizuri. Nimenunua telefone, namba njo hii nyuma ya karatasi, uishike kichwani. Kijana wa duka aliniuliza jina, nikamwambia Mama Soudi, akaandika hivyo hivyo. Hapa mutaa wa Kasuku nani ananiita Hadidja? Vita ikiisha nitakupigia mimi mwenyewe, nikuite nyumbani.

Mama yako

Lubumbashi, 6 mwezi wa tano 2024

Mama mupenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu wote. Magoti yanaendelea aje? Nimelipa enternet ya nyumba yako mwaka muzima, na juu yake kampuni inatoa zawadi: dakika za bure kila mwezi kwa telefone yako. Peleka karte yako ya kupiga kura ofisini kwao wazifungue. Tutaongea mpaka uchoke na mimi.

Mutoto wako, Soudi

Kindu, 11 mwezi wa tano 2024

Soudi mwanangu,

Salamu tumepokea. Magoti yananisumbua kidogo, al-hamdulillahi. Mimi nasema, jirani Christelle njo anaandika kwa telefone yake. Enternet iko, tena nzuri: Christelle anaangalia filme hapa mpaka mboga yake ya sombe inaungua.

Lakini ile zawadi, walahi, wamenikatalia! Karte inasema Hadidja Tambwe. Namba inasema Mama Soudi. Arsène, kijana wa ofisi, anasema kwa mashine yao hao ni watu wawili. Nikamwambia aulize soko nzima. Wamama wa soko wakaja mulangoni wakapiga kelele: njo yeye! Mashine haikusikia. Eti nitupe namba nichukue mupya, ao uje wewe na karte yako, sababu ndani yake imeandikwa jina la mama yako.

Namba situpi. Njo ile nilikuitia nayo. Vita iliisha, nikapiga, nikakuambia rudi. Ukasema mwaka kesho. Tokea hapo unatuma vitu, vitu, vitu. Soudi, ninataka kuona uso wako kabla macho yangu hayajachoka kabisa.

Mama yako

Lubumbashi, 13 mwezi wa tano 2024

Mama,

Pole kwa mahangaiko. Usinikasirikie. Kazi ni nyingi, na treni unaijua, inalala njiani wiki na wiki. Natuma picha ya karte yangu, Arsène aangalie jina lako. Akikataa, basi nakuja, naapa.

Soudi

Kindu, 15 mwezi wa tano 2024

Mwanangu,

Niko muzima, tena sana! Arsène ameangalia, amesema hana ruhusa. Picha ameituma kwa wakubwa wake Kinshasa, lakini nisitegemee. Uliapa. Christelle ni shahidi.

Mama yako

Lubumbashi, 27 mwezi wa tano 2024

Mama, salamu. Niko ndani ya treni. Nimekaa juu ya gunia la muntu, lakini nimekaa. Ukiona siandiki, ni mutandao wa njiani.

Soudi

Kindu, 16 mwezi wa sita 2024

Soudi wangu,

Nimepata habari yako kwamba muko Kibombo, karibu kufika. Shukuru Mungu! Sasa nakuambia, sababu hauna tena namna ya kurudi nyuma: Kinshasa walikubali picha wiki iliyopita. Dakika zangu za bure ziko zote, sijagusa hata moja. Ningekupigia, ungenisikia na furaha, halafu ungeshuka na kugeuka. Nikafunga mudomo. Kasirika kama unataka, lakini kasirikia hapa. Kuku iko motoni na muchele wa Kibombo.

Mama yako

Ndani ya treni, 16 mwezi wa sita 2024

Mama mupenzi,

Nimesoma nikacheka, watu wakaniangalia. Mimi njo ninalipa, kwa hiyo kampuni iliniandikia pia. Ujumbe uliniingia wiki iliyopita, tukiwa Kabalo katikati ya njia: zawadi ya Mama Soudi imefunguliwa. Treni ya kwenda Lubumbashi ilikuwa imesimama pembeni, na nafasi ndani. Nikaiangalia mpaka ikaondoka.

Uliniita tokea vita ilipoisha, na leo njo naitika. Usinipigie. Weka maji ya kuoga.

Mutoto wako, Soudi