Asili ya Neno la Kizingiti

Jumanne, 1 Juni 1971
Kebirigo. Mvua. Nimesahihisha barua za kanisa, upatanisho wa kisarufi mbovu. Mwalimu Mjerumani ameniazima makala kuhusu neno la kizingiti katika lugha iliyozaa Kijerumani. Lugha hiyo haikuandikwa. Wataalamu wameliunda neno upya, wakaliwekea nyota mbele: hakuna aliyelisikia. Nusu ya kwanza wanaihusisha na kukanyaga. Nusu ya pili hawaijui.

Asili ya neno la kizingiti katika lugha yetu je? Siijui. Dada yangu Kemunto anaijua. Nyanya alimfundisha. Amebaki yeye tu.

Alhamisi, 3 Juni
Kemunto anaumwa mapafu. Yuko Keumbu kwa mwanangu Ombati, karibu na zahanati. Nimekwenda. Mila yetu ni wazi: baba haingii nyumba ya mwanawe. Nilisimama nje. Niliuliza neno kabla ya kumjulia hali. Kosa langu.

Nyaboke, mke wa Ombati, alipeleka swali ndani, akaleta jibu, macho chini: "Baba, shangazi anasema wewe mwalimu usitume karani. Uje uulize mwenyewe."

Kemunto alicheka ndani, kisha akakohoa. Alikohoa muda mrefu.

Jumamosi, 5 Juni
Sabato. Sikwenda kanisani. Niliomba kitanda kitolewe nje. Mganga wa zahanati amekataa, baridi itammaliza. Nimekaa barazani tangu asubuhi. Sauti yake haifiki mlangoni. Nyaboke alimwinamia, akatoka. "Anauliza kama umekula." Nilisema nimekula. Uongo.

Neno sikuuliza tena.

Alasiri Nyaboke alitoka tena. "Anataka kukuona, Baba."

Ombati akasema, "Ingia tu, Baba. Nani atasema?"

Nilimjibu kwamba sheria haingoji shahidi. Nimefundisha hivyo miaka thelathini. Niliinuka. Nikakaa. Naogopa, na sijui ninachokiogopa.

Jumapili, 6 Juni
Amefariki alfajiri. Hatua sita kutoka nilipokaa. Wanaume wanne walimtoa. Nilimwona uso alipofika nje. Macho yalikuwa yamekwisha fumbwa.

Alhamisi, 10 Juni
Tulimzika jana kwa marehemu mumewe. Mjerumani ameuliza kama nilipata asili ya neno. Nilimwambia hapana. Alichukua makala yake, akaondoka. Nashukuru.

Nyaboke ameleta ndizi. Ameziweka mbali nami kidogo, kama inavyotakiwa kwa baba mkwe. Nilitaka kumuuliza kama kitanda cha dada yangu kilitazama mlango, kama aliniona. Haifai mimi kuuliza habari za chumba kile.

Sikuuliza. Amekwenda zake.