Msuko wa Mama Huku Mbwajumali

Dada Nduku mpenzi,

Pokea salamu zangu wewe na watoto. Mimi ni mzima na kazi ya ualimu inaendelea. Nywele tu ndizo zilizonitesa. Kile kitana cha moto nilichokuwa nikizinyooshea kilizikata zote za utosini, nikawa nafundisha nimejifunga kitambaa. Jumamosi nilishika mkasi ninyoe kichwa kizima, mama mwenye nyumba, Bi Khadija, akanikuta uani.

"Weka mkasi, mwalimu," akasema. "Nyee hizi zataka mafuta tu." Nyee ndiyo nywele kwa watu wa huku.

Akanikalisha mkekani mbele ya magoti yake, akanipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, yananukia yasmini, akachana taratibu akianzia kwenye ncha. Sikuumia hata kidogo. Nilimkumbuka marehemu mama, machozi yakanitoka. Nikamweleza alivyokuwa akitusuka mistari ya kuzunguka kichwa mpaka ikakutana kisogoni.

"Basi nisuke mimi hivyo," akasema, akavua mtandio wake.

Nilimsuka hadi alasiri. Alipojitazama kwenye kioo alicheka, akaenda kuwaonyesha jirani zake. Leo wamekuja wanawake watatu na vitana vyao. Waliniuliza jina la mama mwenye msuko huo nikawatajia, na sasa kila mmoja akiketi husema, "Nisuke Kalekye."

Wabusu wanao wote kwa niaba yangu, na Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Syombua