Mwandiko wa Barua ya Babu Yako

Kwako Marlys, mpwa wangu,

Huku Iowa tu wazima. Mahindi yangu yamerefuka mpaka mwewe wanayazunguka, wameshindwa kupita juu.

Ile barua ya babu yako niliipeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa miandiko, kama ulivyotaka kabla ya kuitundika kwenye maonyesho ya maktaba. Njia nzima nilikuwa nasimulia kwamba Clete Varnum, bingwa wa besiboli, alimwandikia baba yangu kwa mkono wake mwenyewe, baba akiwa mtoto amelazwa kwa polio.

Mtaalamu mwenyewe, mama mmoja, akaweka lenzi jichoni, akailinganisha na mikataba aliyotia sahihi Varnum.

"Mzee, huu si mwandiko wake."

"Kwani ulikuwepo?"

"Wewe je, ulikuwepo?" Akacheka. "Mabingwa wale hawakujibu barua. Aliyewajibia ni mfua jezi wa timu, Orville Tibbs. Mwandiko wake naujua kuliko wa mume wangu."

Nikaichukua barua, Marlys.

Nikaisoma upya: "Kila asubuhi kamua taulo lililolowa, mpaka lisitoe tone." Baba alikamua miaka miwili, na mkono wake uliokuwa umepooza kwa polio ndio ulionibeba mimi. Sasa mpiga mpira gani angejua habari za kukamua taulo?

Basi itundike. Ila chini yake usiandike Varnum. Andika Orville Tibbs, mfua jezi, kwa herufi kubwa. Watakaouliza huyo ni nani, waelekeze kwangu.

Ni mimi mjomba wako,
Delbert