Namba ya Mama ni Thelathini na Moja

Jumapili, 3 Machi

Kah. Sauti ndogo, kavu. Nilidhani mwiko umevunjika. Ulikuwa mkono wa mama, kwenye ukingo wa sinki.

Ilikuwa jana, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Bado naisikia. Nimeisikia nikipiga mswaki. Nimeisikia nikifunga vifungo vya blauzi. Naandika ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Kile kimashine baba alikinunua miaka miwili iliyopita. Kinaenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Vitufe vya kijivu, kioo kidogo, taa nyekundu pembeni. Unakihifadhia namba sita za tiketi yako ya bahati nasibu mara moja tu. Kila droo, Jumatano na Jumamosi jioni, redio inapotangaza unabonyeza namba zilizotoka, halafu kitufe cha kijani. Ulizobonyeza zinabaki juu ya kioo; chini yake, zako zilizotoka zinawaka. Zisizotoka zinazimika. Zikifika nne umeshinda — taa inawaka na kinapiga wimbo. Hakijawahi kupiga.

Baba ni fundi wa matangi. Miaka ishirini ya kugonga bati akiwa ndani ya tangi imemla masikio. Ukimpigia kelele karibu anasikia. Redio haisikii kabisa. Kwa hiyo ninayesikiliza na kubonyeza ni mimi. Yeye huweka kiganja juu ya redio aihisi inavyotetemeka, ikinyamaza ndipo ananipokonya kimashine asome kioo. Magazeti hayaamini. Yanaandikwa na watu, anasema.

Na namba zetu ni watu. Tano ni yeye. Thelathini na moja ni mama. Kumi na nne ni mimi. Ishirini na mbili ni mdogo wangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu zamani alikuwa hanyamazi. Tisa ni marehemu bibi, mama yake baba. Thelathini na nane ni namba ya mlango wetu. Ambaye namba yake imelala huulizwa kwa nini. Mlango hupigwa teke. Ni bibi peke yake asiyeulizwa.

"Mbona wewe hutoki?" humwuliza mama. Kana kwamba mama amejificha ndani ya lile tufe la kuchezeshea namba, anakataa tu kwa kiburi. Thelathini na moja haijatoka tangu Novemba.

Hospitalini mama alisema aliteleza. Muuguzi akamtazama, akanitazama mimi, akaandika: aliteleza. Mimi mwenye shahada nilisimama pale kama gunia.


Jumatano, 6 Machi

Mtangazaji alisoma arobaini. Nikabonyeza thelathini na moja.

Sikupanga. Vidole vilitangulia, mimi nikafuata nyuma.

Tulikuwa wanne chumbani na watatu tulisikia. Mama alikuwa mlangoni na plasta yake ngumu mkononi, anatazama sakafu. Chiriku aliinua macho kwenye daftari, akanitazama, akayarudisha.  Baba alisoma kioo. Akasoma tena.

"Kumbe upo," alimwambia mama. Akampigapiga mgongoni, kama mtu anayechagua tikiti maji.

Kumi na nne ilitoka kweli, yangu. Chiriku alivutwa sikio tu. Mlango ulipigwa teke moja, la kizembe. Tumekula kwa amani. Kijiko cha mama kilikuwa kinagonga sahani na hakuna aliyekitaja.


Jumamosi, 9 Machi

Leo niliwapa mama na Chiriku namba zao. Yangu niliiacha ilale. Nyumba nzima tukitoka siku moja, hata yeye atashtuka.

Alinichapa kwa rula ya chuma, ile anayopimia bati. Mapajani, ubavuni, mara moja shingoni, kwa upande mwembamba. "Msomi wangu," anasema kila akishusha. "Msomi wangu. Kisomo chote hicho, namba moja inakushinda." Sikulia. Nilikuwa natazama nyundo yake kubwa pembeni mwa kabati na kupima: nikiikimbilia, hatua tatu. Naweza kuinua? Naweza. Naweza kuishusha?

Nafikiri naweza. Hilo ndilo limenifanya nikae bafuni saa nzima na maji yamefungwa.

Na kuna jingine baya zaidi. Wakati mtangazaji anasoma, nilikuwa nachagua. Nani apigwe leo, nani apone. Nilihisi nguvu fulani vidoleni, na nguvu ile ilikuwa tamu. Yeye pia huhisi hivyo, sina shaka.


Jumapili, 10 Machi

Koleo alikuja. Anafanya kazi na baba, naye masikio yake nusu yameshaenda, kwa hiyo wakikaa pamoja mtaa mzima unajua habari zao.

"Shemeji, mkono vipi?"

"Niliteleza kwenye sinki."

"Sinki lenu hilo lina roho mbaya. Mwaka jana si ndilo lilikutoa jino?"

Akacheka peke yake. Kumbe anajua. Wote kule kazini wanajua, na wanakuja kunywa chai.

Halafu akageukia droo. Akapaza sauti kwamba Jumatano arobaini ilitoka, yeye anayo arobaini, ila tano nyingine zote zimemwangusha.

"Ngapi?" baba akauliza.

Koleo akainua vidole vinne, halafu akakunja ngumi kuonyesha sifuri. Baba hakuwa ameiona arobaini yoyote kwenye kioo.

Mama aliachia sinia. Sisemi lilimponyoka. Nilikuwa karibu naye, niliona vidole vikifunguka kimoja kimoja. Chai ya moto kwenye suruali ya Koleo, vikombe vipande vipande. Baba alimpiga kofi la mgongo wa mkono, sikioni, mbele ya mgeni. Mama akaenda chini kwa ule upande wa plasta. Koleo alikuwa anajipangusa suruali. "Taratibu bwana, mtu ana plasta huyo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari. Akaaga.

Arobaini ikasahaulika.

Nilipoinama kuokota vigae pamoja na mama, alinifinya paja juu ya alama za rula. Alifinya kwa nguvu, muda mrefu. Damu ilikuwa inamtoka puani. Hakunitazama.


Jumatano, 13 Machi

Nimeharibu. Nimeharibu kila kitu.

Mtangazaji alianza na mbili. Nikabonyeza thelathini na moja, ya mama. Akasema kumi na saba. Nikabonyeza ishirini na mbili, ya Chiriku. Basi, kazi imekwisha, waliobaki tutavumilia. Ishirini na sita, nikaibonyeza kama ilivyo. Tisa. Thelathini na nane. Kumi na moja. Zote kama zilivyo. Kitufe cha kijani.

Tisa ni bibi. Thelathini na nane ni mlango. Zilitoka kweli! Kwa miaka miwili hazijawahi kutoka pamoja, zimetoka leo. Mbili za uongo na mbili za kweli ni nne. Kosa langu lilikuwa zile namba za mwisho. Nilizibonyeza kwa uaminifu.

Taa iliwaka. Kikapiga wimbo.

Baba aliketi chini, sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Akakiweka sikioni. "Kinaimba? Kinaimba?" Kwake hakuna kitu, ukimya mtupu. Akamvuta Chiriku: "Kinaimbaje? Niimbie."

Chiriku, ambaye tangu mkono wa mama uvunjike hajasema maneno kumi, aliweka mdomo kwenye sikio la baba akamwimbia ule wimbo wa kimashine. Tii-ti-ti-tii. Baba akalia. Akambeba mama juu juu mpaka plasta ikagonga balbu. "Mama yangu ametutoa," alikuwa anasema. "Mama yangu ametutoa, na wewe umetoka."

Uso wa mama juu ya bega lake. Sitauandika.

Ofisi ya madai ya bahati nasibu hupokea tiketi za washindi Ijumaa tu. Keshokutwa.


Alhamisi, 14 Machi

Baba amerudi kutoka kazini saa tano asubuhi, vifundo vya vidole vimechubuka, anacheka. Amempiga msimamizi wake. Kwanza alimwambia yote aliyoyaweka moyoni miaka ishirini, halafu akampiga mdomoni, halafu — hili alilisimulia mara tatu — akamkanyaga mkono alipokuwa chini. Ametupa aproni kwenye tanuru. Kazi imekwisha. Tajiri hagongi bati.

Amemletea Chiriku viatu. Mimi kaniletea kalamu, ndani ya kisanduku chake. Ndiyo ninayoandikia. Inaandika vizuri, na nakichukia kila anachokigusa, na inaandika vizuri.

Mama alimwosha vidole kwa maji ya chumvi, kwa mkono mmoja. Baada ya hapo, baba alipolala, tulikutana jikoni.

"Utamwambia?" akaniuliza. Mara ya kwanza tunalitaja.

"Nikimwambia?"

"Ataua mtu."

"Nisipomwambia?"

"Ataua mtu kesho."

Nikasema twende kwa mama mdogo, sasa hivi, kabla hajaamka usingizini. Akatikisa kichwa. Nilipokuwa chuoni yeye na Chiriku walikimbilia huko mara mbili, hawakuniambia. Mara ya pili baba aliwafuata na ile nyundo kubwa, akavunja mlango wa watu, na mume wa mama mdogo akasema samahani shemeji, mimi nina watoto.

"Polisi?"

"Walimshika siku moja. Akarudi jioni amenunua mkate." Alikuwa anapangusa sinki huku anaongea. "Wanataka wamwone akifanya, mwanangu. Sisi wanatuona baadaye, tumeshateleza."

Saa kumi baba aliniita. Amenyoa. Anataka barua.

"Wale makarani wa madirishani siwasikii, wanachezesha midomo tu nyuma ya kioo. Nitaonekana mjinga. Wewe niandikie kila kitu. Wakisoma barua hawatakuwa na maswali."

Nikamwambia nitaiandika vizuri, baba.


Ijumaa, 15 Machi

Saa nne kasorobo. Baba ameondoka saa mbili.

Nilimpigia pasi shati jeupe. Tiketi ameibandika nyuma ya kitambulisho chake ili isikunjike. Kimashine kipo mfuko wa kifuani, atakionyesha kama ushahidi, maana mtu anaweza kudanganya.

Kabla ya kufunga bahasha alinishika kiwiko. "Nisomee. Kwa sauti."

Nikasimama mbele yake, nikainua karatasi, nikamsomea barua nyingine. Mheshimiwa, mimi mwenye tiketi hii ni fundi wa matangi, baba wa watoto wawili, na naja mbele yako kwa heshima na taadhima. Hapo akanisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia, kwa heshima na taadhima. Akafumba macho. "Hapo wataelewa ni mtu wa aina gani." Yeye husoma pole pole sana, kwa kidole, na tangu zamani huona aibu kusoma mbele yangu. Nilikuwa nategemea aibu hiyo.   Akalamba bahasha mwenyewe, akaifunga.

Akanibusu paji la uso.

Saa moja, kabla hajaondoka, nilikuwa nimempeleka Chiriku kwa mwalimu wake wa darasa. Nilimwambia mwalimu yule kila kitu pale barazani, na mdomo wake ukabaki wazi. Chiriku hatoki pale mpaka nimfuate mimi mwenyewe. Asije mwingine. Hata baba. Hasa baba.

Mama nilimwambia alipofika mtu wa maziwa na kuondoka, tulipobaki wawili. Alinizaba kofi kwa ule mkono mzima. Katika maisha yangu yote hajawahi.

"Umemuuza baba yako."

"Ndiyo."

"Wasipomshika je? Karani akiisoma huku anacheka? Akimrudishia?"

Nilitazama saa.  Ofisi imefunguliwa saa tatu na kuna foleni. Inawezekana wakati huu yuko wa tatu, wa pili. Inawezekana ameshaitoa. Kutoka kule mpaka hapa, kwa mwendo wake akiwa na hasira, ni dakika arobaini.

Mama akaniuliza niliandika nini hasa. Niliikariri, haikuwa ndefu:

Anayekupa barua hii ni baba yangu. Tiketi yake haijashinda. Nilimdanganya mimi, binti yake, kwenye kile kimashine, ili asimpige mama. Tarehe mbili mwezi huu alimvunja mama mkono. Jana alimpiga msimamizi wake na kumkanyaga, kiwandani watakuthibitishia. Ukimwambia hajashinda atakuumiza wewe kwanza, halafu atakuja kutuua sisi. Tafadhali usimwambie. Tabasamu, mwonyeshe kiti, waite polisi, na waje wakiwa tayari, wamwone wao wenyewe akiambiwa. Baba yangu hasikii. Unaweza kupiga simu mbele yake.

Chini nikaandika jina langu kamili, anwani yetu, namba ya mlango, na sahihi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaketi. Akasimama. Akaenda dirishani, akachungulia barabara kwa pembe ya pazia, akarudi. Nyundo kubwa ameitoa pembeni mwa kabati akaitupa chini ya kitanda, halafu akaitoa tena chini ya kitanda, akaiweka mezani, mpini ukimwelekea yeye. Sasa anavuta kabati kuelekea mlangoni kwa mkono mmoja, linakwaruza sakafu, na ameniambia niache kuandika nishike upande wa pili.