Hakuwa Chui

Jumanne jioni

Siyo yeye. Nimeona kwa macho yangu.

Wiki nzima tulimlaumu paka wetu Chui, lile dume kubwa, kwa kukojolea magunia ya alizeti. Nilimchapa na ufagio. Jumapili mume wangu akamtia kwenye kiroba, akampakia kwenye pikipiki, akaenda kumfungulia mnadani Issuna. Kiroba nilikishika mimi wakati anafunga kamba. Chui hakulia hata kidogo.

Leo nimeingia stoo kuchota mtama, nikamkuta yule paka wetu mwingine, jike mdogo, ameligeuzia gunia mgongo, mkia juu unatetemeka, anarusha mkojo mbele yangu kama hanioni. Jike! Nani alijua kwamba hata majike hufanya hivyo?

Mume wangu kasema, "Basi naye tumtie kirobani." Nimemjibu vibaya, na sijutii.

Ijumaa mama mkwe anakuja kutoka Kiomboi. Yeye ndiye aliyetupatia Chui. Kila akifika humuulizia kabla hata sijamaliza kumwamkia shikamoo. Nitamwambia nini? Kwamba alipotea? Nikimtazama usoni...

Kile kiroba kilirudi na pikipiki. Jioni hii nimekinusa, ndani na nje.

Hakina harufu yoyote ya mkojo.