Mkwe Aliyelaza Kasia

Nkome, Jumapili jioni

Mwanangu Scolastika,

Marahaba, maana najua umeniamkia moyoni hata kama simu zangu hupokei. Shangazi yako hapo Isaka hajambo? Huku mpunga umekubali, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Jana nimeshindana kupiga kasia! Usicheke. Mtumbwi wa akina mama ulipungukiwa mtu, nikaingia na miaka yangu sitini. Tuliongoza mpaka kwenye njia nyembamba ya matete, hapo nguvu zikaniishia kabisa. Mikono ikalegea, mtumbwi ukazubaa. Nyuma yetu wakaja vijana, na aliyekaa mbele, wote wakifuata kasia lake, ni mumeo Edson.

"Piga, tuwapite!" wenzake wakamfokea.

"Nimpite mama mkwe ubavuni, makasia yagusane?" Akainamisha uso, akalaza kasia magotini. Wakabaki nyuma yetu kama ng'ombe mlangoni mwa zizi, ufuko mzima ukimzomea. Mimi nikanywa maji, nikavuta pumzi, tukamaliza wa kwanza! Nimepewa doti ya kitenge, nakuwekea.

Baadaye alisimama mbali, kama mkwe anavyopaswa, akauliza akiangalia chini: "Mama, Scola atarudi lini?"

Nikajifanya bado nahema.

Sasa pumzi zimerudi, mwanangu, na kesho atakuja kuuliza tena. Nimwambie nini?

Mama yako, bingwa wa Nkome,
Asteria