Bodi ya Njoroge

Alhamisi, 10 Januari 2008

Jaribio la kumi na tisa. Bodi ya kompyuta inawaka, kernel, yaani programu yake ya msingi, inaanza, inahesabu kumbukumbu vizuri. Sekunde ya kumi na moja kila kitu kinakatika na kuanza upya. Mistari ile ile inapanda tena kwenye skrini. Nimechoka kuisoma.

Njoroge hajaja kazini tangu Krismasi. Ndiye aliyeichora hii bodi na kuilehemu kwa mkono wake. Kazi yangu ni kuifanya kernel iitambue: saa yake, kumbukumbu yake, waya wake wa mawasiliano. Bila kernel ni kipande cha plastiki na shaba. Ikikubali, tutaifunga kwenye tangi la kupozea maziwa kule Molo, ipime joto na kutuma ujumbe tangi likizima. Mwaka jana lilizima na hakuna aliyejua. Nilimwona mama mmoja akimwaga mitungi yake ya maziwa yaliyoharibika mtaroni.

Mzee Gurdip, mwenye karakana, huuliza kila asubuhi kama imeamka. Bado, mzee.

Jumatatu, 14 Januari

Nimeondoa nusu ya nilichoandika. Bado inakatika. Sekunde kumi na moja, si kumi, si kumi na mbili. Kwa hiyo kosa si langu. Nilifurahi, na naona aibu kuandika hivyo.

Nimeigeuza bodi. Chini kuna chip ndogo ya miguu minane. Haimo kwenye mchoro alionipa. Nyaya zake zinaingia chini ya gundi nyeusi, sioni zinakoelekea. Aliiongeza bila kuniambia. Siku nne nzima nimepoteza kwa sababu yake. Nimekasirika sana. Simu yake imezimwa.

Jumamosi, 26 Januari

Vurugu za uchaguzi zimefika hapa Nakuru. Moshi upande wa mtaa wa Kaptembwo tangu jana. Njoroge anaishi huko na mke wake na watoto wawili.

Karakana imefungwa. Shangazi amefunga geti kwa mnyororo. Tuko chumba cha nyuma na redio. Bodi nimekuja nayo nyumbani, nimeifunga kwenye leso.

Njoroge ni Mkikuyu. Mimi Mkalenjin. Miaka mitatu tumefanya kazi pamoja na hatujawahi kutaja hilo hata kwa mzaha. Leo ndilo jambo la kwanza ninalofikiria.

Jumanne, 29 Januari

Nimerudi kwa bodi. Kukaa bure kunaniua. Nikajaribu kukisia: kutuma ishara kwenye mguu mmoja mmoja wa chip kubwa, ile inayoendesha bodi, na kungoja. Sekunde kumi na moja. Tena. Tena. Shangazi alisimama mlangoni akasema watu wanakufa na mimi nacheza na nyaya. Ni kweli.

Simu bado imezimwa.

Jumatatu, 4 Februari

Nimemwona Njoroge.

Mtu alimwambia Mzee Gurdip kwamba yuko uwanja wa maonyesho, pamoja na wale wote waliofukuzwa makwao. Tukaenda na pikapu yake. Njiani akaniomba nisiongee Kikalenjin tukifika getini. Kana kwamba ningethubutu.

Alikuwa kwenye foleni ya maji. Ndala za mke wake miguuni, mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya pole. Nilipofungua mdomo nikasema:

"Ile chip ya chini ni ya nini?"

Aliweka mtungi wake chini. Mzee Gurdip akageukia pembeni.

"Ni mlinzi," Njoroge akasema. "Kule Molo hakuna mtu wa kuzima na kuwasha mashine ikikwama. Kernel isipomgusa ndani ya sekunde kumi na moja, anajua imekufa, anaiwasha upya. Ilikuwa nikuambie tukirudi kutoka likizo. Tumia mguu wa ishirini na tatu wa chip kubwa."

Nilikuwa nimeishia wa kumi na tisa.

"Pole, Njoro. Watoto?"

"Wako sawa. Nyumba ndiyo imeisha." Akasogeza mtungi wake hatua moja, foleni ilikuwa imesonga. "Chero, wale waliokuja walikuwa wanaongea kama wewe. Mmoja tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi."

Nikasema, "Najua." Sikujua chochote. Ndilo neno lililotoka.

Nilimuuliza habari za chip kabla ya za watoto. Sitaacha kulikumbuka hili.

Jumanne, 5 Februari

Mistari kumi na minne tu ya programu. Mguu wa ishirini na tatu, mguse kila sekunde.

Kumi na moja ikapita. Kumi na mbili. Dakika nzima. Hadi saa ya chakula bado ilikuwa inaenda, joto la chumba digrii ishirini na tatu. Mzee Gurdip alipiga makofi mara moja, akaacha. Mimi nilienda chooni nikalia.

Alhamisi, 14 Februari

Mzee amerudi kutoka Molo. Kituo cha maziwa kimechomwa. Tangi limebaki ganda. Wakulima wenyewe wametawanyika, hajapata hata mmoja wa kuongea naye.

Bodi inafanya kazi na hakuna pa kuifunga.

Nikamuuliza kama niache. "Siwezi kukuambia uache," akasema. "Wala siwezi kukuambia ni ya nini."

Jumatano, 5 Machi

Nilituma kazi yote kwa wale wanaosimamia kernel huko ng'ambo, waiingize kwenye kernel inayotumiwa na wote. Leo mmoja amejibu. Amelalamikia nafasi tupu mwishoni mwa mistari. Pia anataka jina: hawapokei bodi isiyo na mtu wa kuitunza miaka ijayo.

Nikampigia Njoroge. Yuko Ol Kalou kwa baba mkwe wake.

"Weka lako," akasema. "Mimi hata sijui mwezi ujao nitakuwa wapi."

"Ni bodi yako."

"Ni yangu. Lakini Nakuru sirudi, Chero."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Ijumaa, 14 Machi

Imekubaliwa. Barua fupi, sentensi mbili. Jina langu liko kwenye orodha ya watunzaji. Juu kabisa ya faili, mahali pa aliyeiunda, nimeandika la Njoroge, majina yote matatu. Nilimwomba ruhusa kwa ujumbe. Akajibu: sawa.

Mvua imenyesha kidogo mchana. Nimepanga vifaa vyake ndani ya katoni: chuma cha kulehemu, miwani ya kukuzia, sweta aliyoiacha nyuma ya kiti. Mzee Gurdip ataituma kesho na gari la Ol Kalou.

Upande wake wa meza uko wazi sasa. Nilisogeza kiti changu katikati, nikakaa hivyo kidogo. Nikakirudisha.